Chumba Kikubwa Hakilalwi

Valea Socului, Jumapili, 20 Januari 2002

Mke wangu Zina,

Barua imefika. Mihalache alisimamisha kibasi chake pale kisimani kama kawaida, akaanza kuita majina, watu wakamzunguka, kila mtu na mzigo wake wa Italia. Mimi nikasubiri waishe. Akaniambia, Gavril, wewe hata peponi utaingia wa mwisho, utakuta wamefunga. Wakacheka. Nikachukua changu nikaondoka.

Kahawa mama ameificha, anasema ya wageni. Viatu vya Petrica vina nafasi kidogo mbele, lakini vizuri, anavishika tu, hataki kuvikanyagisha chini. Sisi wazima. Ng'ombe mzima. Mguu wa mama ni ule ule.

Sasa hiyo barua nimeisoma mara nyingi, si unajua mimi kusoma ni kupapasa. Kama nimeelewa, huyo bosi wako, Bi Loredana, amekubali Petrica aje kukaa na wewe baada ya Pasaka, na karatasi zenu atawawekea sahihi yeye. Ila mtoto alale peke yake, kile chumba cha chini cha kufulia, maana wewe unamhudumia mama yake mzee huko juu. Na amesema mtoto wa miaka minne anayelala na baba na bibi pamoja ni mtoto aliyeharibika, ni mambo ya watu wasio na vitanda, kwao mtoto analala peke yake tangu kuzaliwa. Kwa hiyo nimzoeze kuanzia sasa. Alale Chumba Kikubwa.

Nilimsomea mama. Alikuwa anasonga ugali, akaendelea kusonga. Ulipoiva ndiyo akasema. Akasema chumba kile hakilalwi, ni cha vitu vya mahari uliyokuja nayo na cha wageni wa Pasaka, na wa mwisho kulala humo ni marehemu baba. Akajipiga msalaba na ule mwiko mkononi.

Nikamwambia ni chumba tu. Lakini wewe nikwambie kweli, hata mimi nikiingia humo navua kofia. Mito yako imepangwa mpaka darini, mazulia ukutani, na matofaa tumeyatandaza sakafuni kwa ajili ya baridi, kunanukia vizuri kuliko sisi wenyewe. Lakini jiko hamna. Huku kwetu tunalala vile vile kwenye kibaraza cha ndani, kile cha udongo juu ya jiko. Mama upande wa nje kwa sababu ya mguu, mimi katikati, Petrica ukutani penye joto zaidi. Ananipiga magoti ya mbavu usiku kucha. Nimezoea.

Nitamhamisha, Zina. Nimefikiri. Safta jirani alisikia kwa mama, akaja mpaka zizini kunitania. Eti mimi nililala na mama mpaka ndevu zikaanza kuota, ndiyo maana sijui kuongea na watu. Ndevu uongo, nilikuwa na miaka tisa. Lakini hilo neno limenikaa. Watu wanasema shule niliiacha kwa ajili ya ng'ombe. Niliiacha kwa sababu mwalimu alikuwa ananiita ubaoni na miguu haisogei. Sasa labda huyo Mtaliano anajua kitu. Sitaki Petrica naye awe wa kusubiri kisimani mpaka wote waishe.

Kitu kimoja tu. Wewe huko unalala wapi? Hujawahi kuandika.

Mumeo,
Gavril


Padova, Alhamisi, 31 Januari 2002

Gavril wangu,

Naandikia magotini, bustanini hapa, leo ndiyo siku yetu ya mapumziko na benchi lote limejaa wanawake wa kwetu. Nusu wanakula mbegu za alizeti, nusu wanalia. Mimi nakula mbegu.

Safta usimsikilize. Aliolewa akiwa bado anamwamsha mama yake amsindikize chooni, muulize. Na mama mwambie namheshimu, sijakidharau Chumba Kikubwa, mito ile nilishona mwenyewe. Lakini mito inalala kitandani miaka yote na mwanangu hana mahali pa kujifunzia. Kuna dhambi gani hapo?

Bi Loredana ana mtoto, Tobia, mkubwa kwa Petrica kidogo tu. Akija hapa kwa bibi yake anakaa kama mgeni wa serikali. Nyumbani kwao ana chumba chake, dari imebandikwa nyota zinazowaka. Wakati ukifika anasema usiku mwema, anafunga mlango mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoona niliona huruma. Sasa naona mtoto asiyeogopa. Nataka Petrica akija wasimcheke.

Fanya hivi. Mwekee tofali la moto miguuni, ulifunge kitambaa. Mwachie mlango wazi kidogo, joto lipite. Akilia usiende. Bi Loredana anasema ukienda mara moja tu umeshindwa. Najua moyo wako ulivyo, ndiyo maana nakwambia, usiende.

Gavril, nimeondoka hapo akiwa na miaka mitatu. Nikifumba macho namwona wa miaka mitatu, simjui wa sasa. Njia nyingine ya kumpata sina.

Mimi nalala vizuri. Nina kitanda changu. Usijisumbue na hilo.

Zina wako


Valea Socului, Jumapili, 10 Februari 2002

Zina,

Ameweza.

Mwanzoni alilia. Mimi nilikaa nje ya mlango nikaing'ata kofia yangu, ukija utaona alama. Mama alisema, hata mbwa bandani analaza wanawe ubavuni, wewe unamfungia wako na matofaa. Mtoto alipotulia nikasema basi, ndiyo kujifunza kwenyewe.

Halafu usiku mmoja ghafla hakulia kabisa. Sasa ikifika jioni anakwenda mwenyewe, simwambii. Na analala vizuri mno, Zina, huwezi kuamini ni yule wa magoti. Chali, amenyooka kama askari, mikono ameiweka kifuani, shuka halina hata mkunjo. Asubuhi namkuta vile vile. Na anavaa vile viatu ulivyomtumia. Analala navyo. Mama alitaka kumvua, akakataa. Nikamuuliza, mbona na viatu? Akasema, ili niwe tayari. Nikafurahi, nikajua anaiwaza safari. Kila akiamka swali lake la kwanza ni kama kuna mtu amekuja. Namwambia Mihalache ni Jumapili.

Anakula kidogo siku hizi. Sisemi ni mgonjwa. Namwangalia tu.

Mama haongei na mimi, anaongea na ng'ombe nikiwa nasikia. Na mimi mwenyewe silali. Pale ukutani pamebaki wazi, nikinyoosha mkono nashika ukuta. Mbavu haziumi lakini silali.

Mwambie huyo bosi wako mtoto yuko tayari. Na swali langu hujalijibu. Kitanda unacho, sawa. Nimeuliza kiko wapi.

Gavril


Padova, Alhamisi, 14 Februari 2002

Gavril,

Nimeruka niliposoma. Wenzangu bustanini wakadhani karatasi zimetoka. Nimemwambia Bi Loredana hapo hapo kwa simu, akafurahi, akasema umeona, watoto wote ni sawa, kinachotofautiana ni wazazi. Amenipa taa ndogo ya mtoto, umbo la sungura, iliyokuwa ya Tobia. Naituma na Mihalache pamoja na nguo za kulalia. Mwambie Petrica viatu avue, ataziharibu soli.

Unaona sasa? Na wewe ulikuwa unajilaumu kwamba hujui kitu. Umemlea askari.

Samahani barua ni fupi. Bibi amelala sasa hivi, na akiamka asiponishika mkono anaanza kupiga kelele. Basi. Nitaandika zaidi.

Zina


Valea Socului, Jumapili, 24 Februari 2002

Zina,

Hii nimeiandika siku kadhaa, nikaacha, nikaanza tena. Isome ukiwa umekaa.

Jumamosi ya tarehe kumi na sita tulimfanyia baba ukumbusho wa mwaka. Mama alichemsha ngano ya kuombea marehemu, akaipamba kwa sukari na peremende, akaweka mishumaa. Petrica alikuwa anazunguka mezani, akaiangalia ile sinia. Akauliza, watu wanakuja leo? Mama akamwambia ndiyo, watakuja wengi. Akauliza, hata wa mbali? Mama hakufikiria, akasema hata wa mbali.

Padri akafika, majirani wakafika, Safta na kundi lake, uani kumejaa. Tukataka kuanza, mtoto hayupo. Nikaangalia zizini, nikaangalia kisimani, nikaangalia ndani ya kisima, Mungu anisamehe. Ndipo nikaingia Chumba Kikubwa.

Alikuwa amelala kitandani, mchana kweupe, amevaa viatu. Chali, mikono kifuani. Macho amefumba kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka. Karibu na kichwa ameweka mshumaa aliouiba mezani, hajauwasha. Na kile kioo cha mahari yako amekitupia shati lake, kama vioo vinavyofunikwa msibani.

Zina, ndivyo alivyolazwa baba alipokufa. Vile vile, kitanda hicho hicho, na viatu vipya. Mimi mwenyewe nilimvisha vile viatu na sikuona. Siku zote hizi naangalia mtoto na sioni.

Nikamwita. Akasema bila kufumbua macho, "Baba, wamekuja wote?"

Nikamwambia wamekuja.

"Na mama?"

Akafumbua jicho moja akanitazama. Akasema, "Babu alilala huku siku tatu, ami Anton akaja. Mimi nimelala siku nyingi. Mbona mama haji?"

Unamkumbuka ndugu yangu Anton alivyofika. Kutoka Vorkuta ya Urusi, kule reli inakoishia, mtu ambaye barua zilikuwa hazimpati. Aliingia na theluji begani akapiga magoti pale kitandani, na mtoto alikuwa amesimama pembeni anaona. Kwa hiyo kichwani mwake hesabu ni hiyo. Mtu akilala Chumba Kikubwa peke yake, wa mbali wanakuja. Sisi tukadhani amezoea. Alikuwa anakuita.

Nilimbeba. Nilitoka kwa mlango wa pili, wa uani, nikapita naye katikati ya watu wote, mimi nisiyepita hata dukani. Viatu vyake vinanigonga tumboni. Safta akasema, tena siku ya ukumbusho, mtoto mkubwa hivyo unambeba mbele ya padri, utamlea mpaka lini kwenye shuka zako? Nikasimama. Nikasema, "Mtoto wangu analala na mimi. Atahama siku atakayochoka yeye, siyo siku mtakayochoka nyinyi." Sauti ilitoka kubwa, sijui ilikuwa imekaa wapi. Hakuna aliyecheka. Padri akasema haya, tuanze, ngano inapoa.

Tangu siku hiyo analala ukutani. Magoti yamerudi. Anakula. Simrudishi kule, Zina, na ile taa ya sungura imefika lakini nimeiweka juu ya kabati. Ukikasirika, kasirika. Kama sharti ni hilo, mtoto haji.

Mimi si mjanja, lakini naona. Umeandika "akiamka asiponishika". Unalala wapi?

Gavril


Padova, Alhamisi, 7 Machi 2002

Gavril,

Alhamisi iliyopita nilikaa na karatasi tupu mpaka jua likazama. Leo naandika hata ikitoka vibaya.

Babako alipolazwa, mimi ndiye niliyemwinua Petrica ambusu paji la uso. Alisema babu ana baridi. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu amelala peke yake. Mimi, kwa mdomo wangu. Nilikuwa natafuta neno rahisi la kumwambia mtoto, nikalipata hilo, nikalisahau. Yeye hakulisahau.

Umeuliza ninalala wapi. Nalala kitanda kimoja na Bi Ersilia, mama yake Bi Loredana. Mwanzoni niliwekewa kitanda changu pembeni, kweli ninacho, kina nguo za kupiga pasi juu yake. Lakini usiku anaita. Anamwita mama yake, yeye mwenyewe mwanamke wa miaka themanini na kitu. Nikawa naamka, nakaa naye, narudi, naamka. Siku moja nikachoka nikalala pale pale ubavuni. Akashika mkono wangu, akalala mpaka asubuhi. Tangu hapo ni hivyo. Binti yake anajua. Alisema fanya tu, lakini usimwambie mtu, itaonekana mama amekuwa mtoto. Na mimi sikukuandikia kwa sababu niliona aibu, mwanangu namwamuru alale peke yake huku mimi nalipwa kumlalisha mama wa mtu mwingine.

Barua yako ilipokuja nilimsubiri Bi Loredana Jumapili. Nikamwambia mwanangu akija atalala na mimi, na kama kitanda ni cha bibi basi tutalala watatu. Akasema Zina, hapa si kijijini. Nikamwambia najua. Kijijini mama yako asingelala na mtu wa kuajiriwa.

Sikupanga kulisema. Lilitoka.

Akawa mwekundu. Akanieleza kwamba yeye amelala peke yake tangu ana wiki moja, na amekuwa mtu, amesoma, hajapungukiwa kitu. Nikamwamini. Alikuwa anaongea amekaa pembeni ya kitanda cha mama yake. Na Bi Ersilia, ambaye siku hizo hakuwa hata anamtambua vizuri, akasogea. Akajivuta kidogo kidogo mpaka ukutani, akaacha nafasi, akaipigapiga na kiganja.

Bi Loredana akaiangalia ile nafasi. Hakulala. Alikaa na koti lake na viatu vyake, lakini mkono aliuweka pale. Mimi nikatoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Baadaye alinikuta jikoni, akaniambia kwa upole tu kwamba mtoto haiwezekani. Karatasi zangu ataendelea nazo nikibaki. Nikitoka nje ya mpaka kabla hazijakamilika sitarudi, wala yeye hataningoja, mama yake hawezi kungojwa. Anasema kweli. Simchukii.

Narudi, Gavril. Narudi na Mihalache Jumapili ile ya tarehe ishirini na nne. Sijui tutakula nini kuanzia mwakani, wewe usiniulize na mimi sitakuuliza. Wenzangu bustanini wameniita mpumbavu, halafu mmoja mmoja wamekuja kuniletea vitu vya kuwapelekea watoto wao. Nimempata mama mmoja wa kwetu, wa Soroca, wa kuchukua nafasi yangu, mtu mzima, mkono wake una joto. Nilijaribu kuushika kwanza.

Kinachoniuma ni Bi Ersilia. Nimemwambia ninaondoka, kesho yake akawa amesahau, nikamwambia tena. Kila mara ananiuliza, nani atakaa upande ule?

Hapa chini ni ya Petrica. Msomee taratibu.

Petrica mwanangu. Mama anakuja. Viatu vua, vikaushe karibu na jiko, tutavivaa Pasaka. Huna haja ya kulala Chumba Kikubwa ili mama aje. Watu huja hata kwa walio hai.

Zina, mama yako


Valea Socului, Jumapili, 17 Machi 2002

Zina,

Mihalache atakupa hii akifika Padova. Nilikuwa wa kwanza kisimani leo. Alishtuka, akauliza kama kuna aliyefiwa.

Nilimsomea Petrica kipande chake. Akataka nirudie. Halafu akachukua barua akaishika kichwa chini, akajisomea mwenyewe, maneno yote. Uzi wa Machi, ule mwekundu na mweupe wa kuaga baridi, bado anao mkononi, umeshakuwa mweusi, anasema hautoki mpaka wewe uufungue. Safta naye ameleta maziwa ya mgando, hakusema kwa nini. Amesimama mlangoni muda mrefu kwa mtu aliyeleta maziwa.

Watu wanne kibarazani hatutoshi. Nimeongeza ubao upande wa nje, nimeutoa kwenye benchi la Chumba Kikubwa, mama ndiye aliyenionyesha wa kung'oa. Mto mmoja wako pia ameuleta. Sijawahi kuona mto wa mahari ukitolewa kule. Nilimwambia na wageni je? Akasema wageni watajua wenyewe.

Nimefikiri juu ya yule bibi. Taa ya sungura nimempa Mihalache, atakupa pamoja na hii. Iache kwake kabla hujatoka. Najua si mkono.

Mihalache anasema barabara ikiwa mbaya mtafika usiku sana. Mlango sitaufunga. Ukitukuta tumelala usituamshe, na kibaraza usikizunguke kutafuta nafasi. Petrica amehama ukutani, amekuja katikati, pale alipotoka haruhusu hata paka. Vua viatu, panda tu.

Pana joto.

Gavril